Steroidi na sikio la kati: panya anapona, mtoto je?

Panya akidungwa mikrolita chache za bakteria Haemophilus influenzae waliouawa kwa joto nyuma ya ngoma ya sikio, siku chache baadaye utando wa sikio la kati hunenepa na majimaji hujaa. Akipewa deksamethasoni au prednisoloni, ambazo ni steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), uvimbe hupungua, na sababu yake inajulikana: steroidi huzima jeni za saitokini (protini zinazochochea uvimbe) na kupunguza prostaglandini (kemikali za mwili zinazoleta uvimbe) na ute. Fludrokotisoni, steroidi nyingine, huongeza jambo jingine: huzifanya seli zivute chumvi kutoka kwenye majimaji ya sikio, na maji huifuata.

Lakini dawa ilianza lini? Majaribio mengi huianza kabla ya sindano ya bakteria au siku ileile. Mtoto hufika kliniki majimaji yakiwa yamekaa miezi na tezi za ute zimeshaongezeka. Hapo ndipo ninapoona pengo kubwa kuliko yote. Katika jaribio la OSTRICH, lililochapishwa 2018, watoto 389 wa miaka 2 hadi 8 huko Wales na England, wenye majimaji ya muda mrefu, walipewa prednisoloni ya kunywa au dawa bandia kwa siku 7. Baada ya wiki 5, waliosikia vizuri walikuwa asilimia 40 dhidi ya 33, tofauti isiyotosha kuthibitisha kwamba dawa inafanya kazi.

Pia bakteria mfu haongezeki, kwa hiyo panya huyo haonyeshi hatari ya kuidhoofisha kinga mbele ya maambukizi hai. Chinchila, mnyama mdogo jamii ya panya, aliyepandikizwa nimokoka (bakteria wa maambukizi ya sikio) walio hai anafaa zaidi kwa swali hilo. Penisilini ikimpasua bakteria, vipande vya ukuta wake huchochea uvimbe zaidi, na hapo kuongeza steroidi kwenye antibiotiki kuna mantiki.

Matone ya sikio yana ushahidi mzuri zaidi. Uholanzi, 2014, kati ya watoto 230 wenye vijibomba masikioni vinavyotoa usaha, baada ya wiki 2 usaha ulibaki kwa asilimia 5 waliotumia matone ya antibiotiki na haidrokotisoni, 44 waliomeza antibiotiki, na 55 walioangaliwa tu. Hata hivyo, matone hayo yalikuwa na dawa zote mbili, kwa hiyo hayasemi steroidi peke yake ilichangia kiasi gani.

Anayepanga jaribio jipya athibitishe majimaji kwa timpanometri (kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio) kwanza, ndipo aanze dawa. Sikio la pili lisiwe kigezo cha kulinganisha iwapo steroidi inapitia damuni, maana inafika huko pia. Wanyama wa kulinganisha wadungwe kimiminika kilekile kisicho na dawa, kwa kuwa tundu la sindano lenyewe huvimbisha, na deksamethasoni huchelewesha tundu la ngoma kuziba.