Mafunjo si magugu maji

Mwezi uliopita nilipita kwenye mwalo mmoja huku Mwanza nikakuta vijana wanafyeka mafunjo. Nikamuuliza mmoja anasafisha nini. "Magugu haya, mzee. Yanafuga nyoka na mbu." Kufika jioni ufuko ulikuwa mweupe, watu wanapongezana kwa kazi nzuri. Mimi niliondoka na uchungu.

Magugu maji ni yale yanayoelea, yenye ua la zambarau. Asili yake ni Amerika Kusini, na yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Hayo yang'olewe, sina ubishi. Mafunjo ni wenyeji wa hapa. Wala si nyasi, ingawa ukiyatazama kwa mbali utadhani ni nyasi ndefu. Ukoo wake ni mmoja na ndago wanaotusumbua shambani. Kata bua lake utazame: lina pembe tatu, na ndani halina uwazi kama tete, limejaa nyama nyeupe, nyepesi kama sponji. Wamisri wa kale waliichana nyama hiyo vipande vyembamba, wakavipanga na kuvigandamiza vikawa karatasi.

Kwa chini mashina yake husukana yakawa mkeka mzito unaoelea. Ukiukanyaga unanesa kama godoro, na maji meusi yanapanda katikati ya vidole. Maji ya mto yakifika hapo hupunguza mwendo. Tope linatua, na mbolea iliyosombwa mashambani pamoja na uchafu wa vyoo vyetu vinakuwa chakula cha mizizi. Jijini Kampala sehemu kubwa ya maji taka hupita kwenye kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ziwani, kwenye ghuba ileile wanakovuta maji ya bomba. Ukifyeka mafunjo, mbolea ile inaingia ziwani moja kwa moja, na magugu maji yanainenepea. Kwa hiyo wale vijana, bila kujua, walikuwa wanamwandalia mgeni karamu.

Kuna na samaki. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950, baadaye aliwafagia furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hili, wa aina nyingi sana. Ila ndani ya mafunjo maji yana oksijeni kidogo mno, sangara hawezi kukaa humo. Baadhi ya furu wanaweza, na humo ndimo walimopona. Kamongo naye hana shida, anapanda juu kuvuta hewa na kushuka. Na yupo ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano anayeishi kwenye mafunjo ya kanda hii ya maziwa makuu tu. Ukiondoa mafunjo hana pa kuhamia.

Sisemi mafunjo yasikatwe. Watu wanasuka majamvi, wanaezekea vibanda, na hiyo ni riziki halali. Ukikata mabua ukaacha mizizi majini, ndani ya mwaka mmoja hivi yanarudi. Yanayoyaua ni moto wa kiangazi na jembe la mtu anayetaka kupanda mpunga au mboga hadi kwenye ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nimetembea fuko nyingi za huku, na mita hizo 60 sizioni.

Juzi mvua imenyesha, nikarudi pale mwaloni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali, mama mmoja amesimama na ndoo yake anangoja yatulie ndipo achote. Pale yalipokuwa mafunjo, mafungu mawili ya magugu maji yalikuwa yameshatia nanga.