Geti la Simba, Nguzo ya Kuokoteza

Njomba, pesa ya korosho ikishatoka, fundi wa kuchomelea hapumui. Kila mtu anataka geti la shamba la mita 4, maua ya chuma, simba wawili juu. Haya. Uliza nguzo: "Aa, tutaokota tu mti hukohuko." Kimti chembamba, kimezikwa futi moja. Masika ikikolea, simba wamelala kifudifudi kwenye matope na mwenye shamba analaumu mvua. Mvua imefanya nini?

Geti halisimami, linaning'inia. Mchana na usiku linavuta kichwa cha nguzo kuelekea mlangoni, kitako kinasukumwa upande wa pili. Tafuta mti wa mita 2.5, unene sentimita 20, na mita 1 iende chini. Mita 1 kamili, siyo ile "inakaribia" ya kibarua anayewahi uraka, pombe ya mabibo.

Na hapa juu Newala mchanga wenyewe mkaidi. Unachimba, unamwagika, unapanua, unamwagika, mwisho una kisima. Lowanisha kwanza ushikamane. Ndiyo, najua maji ya huku yanapatikana kwa jasho, lakini ndoo moja haikuui. Shimo liwe jembamba juu, pana chini. Tandika kokoto sentimita 10, nguzo ikanyage hizo kokoto, halafu zege la moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) liizunguke pembeni tu. Wengi wanaanza na zege chini kabisa, wanaona ndiyo uimara. Umeijengea beseni! Maji yanatuama, mti unaoza ndani ya saruji uliyoilipia mwenyewe. Uso wa zege uteremkie nje. Kisha usitundike geti kwa siku 7. Siku 7! Watu wanalitundika jioni ileile, watoto wanalibembea.

Mchwa nao. Oili chafu unayopaka inaishia juujuu. Mti ukipasuka, mchwa anapita kwenye ufa bila hata kuchafuka. Kinachomchosha ni moyo wa mkongo au mninga, na uwe wenye kibali, usije ukafukuzana na watu wa misitu kwa ajili ya nguzo. Ile sehemu nyeupe ya nje usiihesabu kwenye unene, hiyo ni futari yake.

Sasa kuna hili la waya wa mshazari, ambalo ndilo linaniudhi zaidi. Nguzo ya geti haisimami peke yake. Mita 2.5 nyuma yake, kwenye mstari wa uzio, simika nguzo ya pili, laza boriti katikati yao sentimita 15 chini ya vichwa, toboa, ifungie kwa nondo ya milimita 12. Misumari itang'oka. Ndipo waya: kutoka kitako cha nguzo ya geti kwenda kichwa cha ile ya pili. Huo ndio unaozuia seng'enge isiilaze nguzo upande wa uzio. Wengi wanaufunga kinyume, seng'enge ikivutwa waya unalegea, eti "waya wa siku hizi feki". Lakini nguzo yenye bawaba inavutwa na geti pia, kwenda upande wa pili, kwa hiyo hapo unahitaji waya zote mbili, zipishane. Kila mmoja uwe mara mbili, sokota kwa kijiti mpaka ukigusa unalia, kijiti kiache hapohapo, kifunge kwenye boriti, utakaza tena mvua zikiisha. Kikikaa, maana msimu wa maembe kila kijiti kinageuka upondo wa kuangulia.

Bawaba funga kwa bolti inayopenya nguzo nzima, na uiwekee washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, pande zote mbili. Pini ya chini iangalie juu, ya juu iangalie chini. Zote zikiangalia juu, mwizi hahangaiki na kufuli lako la bei: ananyanyua upande wa bawaba, anaondoka na geti likiwa limefungwa vizuri kabisa.