Nili ya Merton Abbey haikuwa anasa tupu

Lawama dhidi ya William Morris ina ukweli ndani yake. Mbunifu huyu wa vitambaa wa Uingereza, aliyekuwa mjamaa, alihubiri usawa huku akiuza vitambaa ambavyo mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na ubavu wa kuvinunua. Tena rangi za maabara, zilizoanza na zambarau ya William Perkin mwaka 1856, ndizo zilizomwezesha maskini naye kuvaa nguo ya kung'aa. Yeye kurudi kwenye rangi za mizizi na majani kulikuwa na faida gani? Na nili yenyewe, rangi ya buluu itokayo kwenye mmea, ilikuwa na machozi yake: mwaka 1859 wakulima wa Bengal waliwaasi mabwana waliowalazimisha kuilima.

Nayakubali yote hayo. Ila wanaomhukumu Morris kwa bei hawajachungulia ndani ya pipa lake la rangi.

Miaka ya 1870 alikwenda Leek kwa Thomas Wardle, bingwa wa kutia rangi, akachovya mwenyewe hadi mikono ikawa buluu. Mwaka 1881 akahamia Merton Abbey, karibu na London, kwenye kiwanda cha zamani cha vitambaa kando ya mto Wandle. Wanaosema alichukia mitambo husahau: humo alifuma kwa mitambo ya Jacquard, inayofuata kadi zilizotobolewa.

Chukua Strawberry Thief, kitambaa chake cha 1883 chenye ndege wanaodokoa matunda. Pamba yote huzamishwa kwenye nili. Ikitolewa huwa ya kijani, kisha hewa huigeuza buluu mbele ya macho yako. Ndipo chapa za mbao hugonga dawa ya kupausha, buluu itoke pale tu panapotakiwa ndege na tunda, na baadaye nyekundu na njano zijaze nafasi hizo. Kazi ya siku kadhaa! Chapa ikiteleza, umeharibu. Bei ile ilikuwa ujira wa uangalifu huo.

Sisi tunayo kaniki, na neno nili tunalo bado. Wangapi wanaweza kuandaa pipa lake?

Morris alifariki mwaka 1896. Mwaka uliofuata kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaingiza sokoni nili ya maabara, na mashamba ya India yakaanza kufa. Huenda mkulima wa huko hakulia. Mtia rangi aliyejua kwa harufu tu kwamba pipa limeiva, huyo ndiye aliyekosa wa kumrithisha.