Saa 68 za Jenerali China

Kila Februari 18, Wakenya wanapomkumbuka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopigana na utawala wa Mwingereza, aliyenyongwa gereza la Kamiti mwaka 1957, jina la Waruhiu Itote hutajwa pembeni, na mara nyingi hutajwa kwa uchungu. Kimathi alikwenda kitanzini. Itote, aliyejulikana msituni kama Jenerali China, alikamatwa, akahojiwa kwa saa 68, akahukumiwa kunyongwa, kisha akaachwa hai. Wengi wakishafika hapo huona hukumu imekamilika: aliuza wenzake akanunua shingo yake.

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Itote ndiye jenerali wa kwanza wa Mau Mau kutiwa mbaroni, Januari 15, 1954, na alikuwa mkuu wa wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya. Aliyoyasema kuhusu vikosi, viapo, nidhamu na njia za chakula kutoka vijijini yaliandikwa na kuwekwa kwenye mafaili ya serikali. Baada ya hapo alikubali kuwaandikia makamanda wenzake barua za kuwaomba watoke wazungumze. Wiki zile za mazungumzo polisi hawakulala. Waliutumia utulivu ule kujua ni nani kijijini anayelisha msitu. Ukiwa mjukuu wa mtu aliyekamatwa katika msako uliofuata, sina neno la kukufariji, wala sikulaumu ukikataa kumsamehe.

Lakini hebu tuiangalie ile namba, saa 68, kwa sababu ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Ukizisikia hivi hivi unamwona mtu ameketi kitini akimimina siri siku tatu mfululizo. Mtu mwenyewe alikuwa amepigwa risasi ya shingo. Aliyemhoji alikuwa Ian Henderson, kachero aliyekulia upande wa Nyeri na kukijua Kikuyu kama wenye Kikuyu, kwa hiyo hapakuwa na mkalimani wa kujificha nyuma yake. Na mbele ya mfungwa kulikuwa na kesi ambayo mwisho wake ulijulikana kabla haijaanza, maana chini ya sheria za hali ya hatari kupatikana na risasi kulitosha kukupeleka kitanzini. Mashtaka ya Itote yalikuwa kuandamana na watu wenye silaha na kupatikana na risasi mbili. Risasi mbili tu, kwa mtu aliyebeba bunduki ya Mwingereza miaka minne bila kuulizwa alikuwa na risasi ngapi.

Hapo ndipo naona tunamkosea. Tunaanza hesabu yake Januari 1954, ilhali yeye mwenyewe alianzia mbali.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Mapema mwaka 1942 alijiunga na Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Ceylon, kisha Burma kupigana na Wajapani. Kikosi chake, cha 36, kilikuwa katika ile divisheni ya 11 iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika, tope likifika magotini na malaria ikiangusha watu kuliko adui. Huko ndiko alikojifunza vita vya msituni. Huko pia, kama alivyosimulia baadaye, askari wa Kizungu alimuuliza yeye Mwafrika anapigania nini, akakosa jibu. Na Calcutta akakutana na askari mweusi wa Marekani aliyemfungua macho juu ya watu weusi waliojikomboa wenyewe. Alirudi nyumbani akiwa koplo. Kazi aliyoipata ilikuwa kuchochea moto kwenye injini za garimoshi.

Mtu wa namna hiyo anajua vita ni nini. Anajua tofauti ya jeshi lenye ndege na jeshi lenye magobore ya kujitengenezea. Mwanzoni mwa 1954 ndege za Waingereza zilikuwa zinaangusha mabomu juu ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na vijana wake walikuwa wanakula mizizi. Koplo wa Burma akisema tuzungumze, ninamsikia kama askari aliyepima hali ya uwanja. Kwamba maneno hayo yaliokoa pia maisha yake ni kweli. Ila mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na wanaomshtaki wanataka tuchague moja.

Wengine husema mazungumzo yenyewe yalikuwa mtego na China akawa chambo. Tazama yalivyokufa. Hukumu ya kifo ilitolewa mapema Februari, Gavana Baring akaibadilisha Machi 4, na walowezi wakachachamaa kwamba serikali inabembeleza wauaji. Mwisho wa Machi wajumbe wa msituni walifika Nyeri, wakaketi na watu wa serikali, wakarudi kwa wenzao kupeleka habari. Kisha Aprili 7, wapiganaji waliokuwa wamekusanyika kandokando ya msitu walishambuliwa na majeshi ya serikali, zaidi ya ishirini wakauawa. Waliobaki walikimbilia ndani, imani ikaisha. Itote siku hiyo alikuwa kizuizini. Hakufyatua risasi ile, wala hakuwa na simu ya kumwamuru mtu aache kufyatua. Na msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 24, uliozoa watu zaidi ya elfu ishirini, ulikuwa umeanza kupangwa na Jenerali Erskine, mkuu wa majeshi ya Mwingereza Kenya, hata kabla mazungumzo hayajavunjika.

Kuna tarehe nyingine ambayo wanaomwita msaliti huiruka. Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956. Kutoka saa zile 68 hadi siku hiyo ni miaka miwili na miezi tisa. Kama China angekuwa amemkabidhi Kimathi, Henderson asingehangaika Nyandarua muda wote huo akitumia wapiganaji waliogeuzwa kuwawinda wenzao. China alijua mlima wake. Nyandarua, alikojificha Kimathi, ilikuwa ya wengine.

Linalonikaa rohoni ni jambo jingine, na sitalificha: wanaume 1,090 walinyongwa katika vita vile, na wapo waliokwenda kwa makosa madogo kuliko ya jenerali. Hawakuwa na jina kubwa la kubadilishana na Gavana. Mama zao hawakuona hata kaburi. Nikimtetea Itote, siwezi kuwatazama hao machoni nikasema haki ilitendeka. Ninachosema ni kwamba mnyongaji hakuwa Itote, na mtu wa 1,091 asingewarudishia wale wa kwanza hata siku moja.

Alichopewa badala ya kamba nacho si kitu cha kuonewa wivu. Alipelekwa Lokitaung, Turkana, joto na mchanga karibu na mpaka wa Ethiopia, alikofungwa Jomo Kenyatta pamoja na wanasiasa wenzake Kubai, Kaggia, Ngei na Kung'u Karumba. Kenyatta ndiye aliyekuwa akiwapikia. Ndiye pia aliyemfundisha Itote Kiingereza. Ninamwona koplo wa zamani, kovu shingoni, ana zaidi ya miaka thelathini, anaandika herufi mbele ya mzee aliyetoka jikoni. Kama Kenyatta angemwona msaliti, sidhani masomo hayo yangefika mbali.

Nyumbani, jamaa za wapiganaji walilipa deni ambalo hakuna aliyewasomea mashtaka yake. Kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti yenye ncha, wanawake wakichimba mahandaki hayo kwa amri, na ardhi ya waliotajwa kuwa viongozi wa Mau Mau ikitaifishwa. Mtu akifungwa, ukoo mzima ulikuwa na namba ya kesi. Itote alitoka mwaka 1962, baada ya zaidi ya miaka minane. Baada ya uhuru akapewa nafasi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na hapo pia wapo wanaomnung'unikia: wenzake wengi wa msituni hawakupata hata ekari. Manung'uniko hayo ni ya haki, ila yaelekezwe kwa serikali zilizogawa ardhi.

Alifariki mwaka 1993. Wakati huo Mau Mau bado lilikuwa kundi haramu kisheria. Marufuku ya mkoloni iliondolewa mwaka 2003. Kwa hiyo mzee huyu aliyesemwa na wenzake kwamba alijiuza kwa serikali alizikwa akiwa, mbele ya sheria za nchi yake huru, mwanachama wa zamani wa chama cha wahalifu. Mukami, mjane wa Kimathi, aliitafuta mifupa ya mumewe hadi alipofariki Mei 2023, na hakuipata.