Baga, kokteli na jirani wa Mji Mkongwe

Wapo wanaosema migahawa ya baga na kokteli haifai kuwepo kabisa Mji Mkongwe. Kuhusu baga sikubaliani nao. Forodhani kila usiku nyama ya kusaga na yai vinafungwa ndani ya unga, vinakaangwa mbele ya mteja na kuuzwa kwa jina la pizza ya Zanzibar, na wenyeji wanapanga foleni. Ugomvi unaletwa na glasi iliyo pembeni ya sahani.

Wenye migahawa wana hoja nzito, na isidharauliwe. Mboga na nyama nyingi zinavuka bahari kutoka Bara, jibini inatoka mbali zaidi, kwa hiyo baga yenyewe inaacha faida ndogo. Kinachomlipa mpishi na muhudumu ni kinywaji: konyagi kidogo, ndimu, asali, barafu. Januari 2024, vibali vya waagizaji wa vileo vilipokwama na bei zikapanda, ilionekana wazi jinsi utalii wetu unavyoitegemea biashara hiyo. Vijana wetu wanakula humo, na anayetaka baa zifungwe zote lazima aseme watakula wapi.

Lakini jirani naye ana haki. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado watu wanalala humo. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na muziki wa baa ya juu ya paa unamfikia mgonjwa kitandani na mwenye kusali msikitini. Kibali cha baa ya ufukweni Paje na cha baa inayopakana na msikiti visipimwe kwa kipimo kimoja.

Kinachonisikitisha zaidi ni familia za hapa hapa. Baba anataka kuwapeleka watoto na bibi yao kula baga. Nyama imechinjwa kihalali, bei anaimudu, ila akifika mlangoni anakutana na chupa zimepangwa nyuma ya kaunta, na kwenye meza ya jirani watu wanakunywa pombe. Kwa Muislamu anayeshika dini yake, kukaa hapo ni tatizo hata kama yeye anakunywa maji. Anageuza. Kisha inakuja masika, wageni wanapungua, meza zinabaki tupu, na mwenye mgahawa analalamika hana wateja. Wateja alikuwa nao, wakaishia mlangoni.

Juisi nazo zinadhulumiwa. Ukwaju, tangawizi, pesheni na rozela vinawekwa mwisho wa menyu kama vinywaji vya watoto, wakati vikichanganywa kwa ufundi ule ule wa kokteli, pamoja na iliki na karafuu zetu, mtu mzima atavilipia vizuri tu.

Kwa hiyo sitaki mgahawa ufungwe. Nataka kaunta ya pombe ihamie chumba cha ndani chenye mlango wake, ukumbi wa mbele uwe wa chakula na juisi, na spika za juu ya paa zizimwe kabla ya adhana ya isha.