Kesi ya Socrates: Athens nayo ilikuwa na hoja

Anayeanza kusoma falsafa huelezwa kwanza neno lenyewe: lilizaliwa Ugiriki likiwa na maana ya kupenda hekima, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi. Kisha hutajiwa matawi: mantiki, metafizikia (inayouliza asili ya vitu vilivyopo), maadili, siasa, na lile la maarifa, linalouliza tunajuaje kwamba tunajua. Halafu huletwa Socrates, mzee wa miaka 70 aliyenyweshwa sumu katika mji wa Athens, Ugiriki, mwaka 399 KK kwa sababu ya maswali yake. Hapo ndipo mimi husita. Kesi ile ilikuwa na pande mbili, na tunayoyajua yametoka zaidi kwa wafuasi wake Plato na Xenophon, ambao wote walimpenda. Hotuba za washtaki hazikusalia.

Mashtaka yaliletwa na Meletus, nyuma yake wakiwapo Anytus na Lycon: kwamba Socrates haitambui miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiungu, na anawaharibu vijana. Leo yanasikika kama visingizio. Lakini Athens ilikuwa na kidonda kibichi. Miaka mitano tu kabla yake ilikuwa imeshindwa na Sparta, mji hasimu wa Ugiriki, baada ya vita vilivyoanza mwaka 431 KK. Watu thelathini wakashika mji kwa msaada wa Sparta, na katika utawala wao uliodumu miezi tu, raia kama 1,500 waliuawa. Kinara wao, Critias, alikuwa amekaa miguuni pa Socrates. Alcibiades, jemadari aliyekimbilia Sparta vita vikiendelea, naye alikuwa mtu wake wa karibu. Mzazi aliyekwisha kuzika mwanawe angekosaje kuuliza mzee huyu anawafunza nini vijana wa watu?

Ila swali hilo halikuweza kuulizwa waziwazi. Utawala wa raia uliporudi mwaka 403 KK, ulitangazwa msamaha wa jumla: ya wakati wa Thelathini yasifukuliwe. Wapo wanaosema dini ilikuwa vazi tu la kisasi cha siasa. Wengine wanasema Waathene waliiogopa miungu yao kwelikweli. Naona yote mawili yalikuwamo, kwa kuwa mji ulioshindwa vita hujiuliza pia kama umewaudhi miungu.

Upande wa pili una uzito wake, na mkubwa. Thelathini walipomwamuru Socrates na wenzake wanne wakamkamate Leon wa Salamis ili auawe, wenzake walikwenda. Yeye akarudi nyumbani kwake. Na mwaka 406 KK, raia wenyewe wakiwa madarakani, alikataa peke yake kuwahukumu majemadari kwa mkupuo kinyume cha sheria. Mtu aliyezikaidi tawala zote mbili ni vigumu kumwita kibaraka wa mojawapo.

Basi tatizo liko wapi? Mimi naliona katika njia yake ya kuuliza. Plato anasimulia kwamba, kesi ikimkabili, alimkuta Euthyphro, mtu aliyekuwa akimshtaki baba yake mzazi kwa uhakika kwamba huko ndiko kumcha Mungu. Socrates akamwuliza: kitendo kitakatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa kuwa miungu inakipenda? Ukichagua la kwanza, utakatifu una msingi mwingine nje ya miungu. Ukichagua la pili, miungu ikibadili mapenzi yake, uovu unakuwa wema. Katika swali hilo moja mna maadili, mantiki na metafizikia. Euthyphro alizunguka weee, mwishoni akasema ana haraka. Ndiyo falsafa, na inasisimua. Lakini Socrates alibomoa jibu na hakujenga jingine, na kijana kama Critias angeweza kuondoka na nyundo bila kipimo cha fundi.

Hata mahakamani hakupunguza makali. Alijifananisha na pange, nzi aumaye, aliyetumwa kumwamsha farasi mzembe, yaani mji. Kura 30 tu zingehama angeachiwa. Alipotakiwa kujipendekezea adhabu, alisema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa Olympia, ndipo baadaye akakubali faini. Nani angemhurumia? Hata hivyo kiburi si kosa la kufia, na hapo siwezi kuwatetea mahakimu: hofu yao ilikuwa na msingi, ila wakaitwika kichwa kisichokuwa chake.

Gerezani rafiki yake Crito alikuwa tayari kumtorosha. Alikataa, akisema ameishi chini ya sheria hizo maisha yake yote kwa hiari yake. Mwaka 323 KK, mfalme Alexander wa Makedonia alipofariki na chuki dhidi ya Wamakedonia ikapanda, Aristotle, mwanafalsafa aliyewahi kumfundisha mfalme huyo, naye alishtakiwa Athens kwa kuikosea miungu. Yeye hakungoja kura. Alifunga mizigo, akaenda Chalcis kwenye mali ya upande wa mama yake, na akafa huko mwaka uliofuata.