Ndege ya kujijengea ikibadilishwa, nani atoe ruhusa?

Mtu amejenga ndege kwa mikono yake, imekaguliwa, imepata cheti na inaruka. Baadaye anataka kuitia injini ya gari, au kulihamisha tangi la mafuta. Ruhusa aiombe wapi, na aiombe kabla au akishamaliza?

Kwetu Unguja usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Mwenye kauli ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar kazi yake ni viwanja. Na tukiulizwa haraka, wengi wetu tutaelemea kwenye ukali. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, nani atasimama barazani kukitetea chombo ambacho hakikupitishwa? Lakini abiria wa meli zile walikata tiketi wakiamini yupo aliyekagua. Ndege ya kujijengea, huko ilikozoeleka, hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Wa kwanza kuhatarisha roho yake ni fundi mwenyewe, na hapo hoja ya kumwachia uhuru inapata nguvu.

Wamarekani wameifuata hoja hiyo mbali. Badiliko kubwa kwao ni lile linalogusa waziwazi uzito, mizani, uimara au tabia ya ndege hewani. Mwenye ndege akishalifanya huijulisha FAA, mamlaka ya anga ya huko, wakakubaliana eneo la majaribio, kisha huruka humo bila abiria kwa saa zisizopungua 5, mbali na makazi ya watu wengi, na kuyaandika yote katika daftari la ndege. Uingereza wao huanza na michoro na hesabu: hupelekwa kwa wahandisi wa LAA, chama cha ndege nyepesi, na ndege hairuki mpaka waridhike. Utaratibu huo hukamata makosa mapema. Pia huchosha, na fundi aliyechoka kusubiri hushawishika kubadilisha kimyakimya, jambo ambalo ni baya kuliko yote.

Uhuru wa Marekani umezaa matunda. Burt Rutan alijipatia jina kwa ndege za kujijengea, na mwaka 1986 Voyager aliyoibuni ilizunguka dunia bila kuongeza mafuta njiani. Umezaa na misiba. Mwanamuziki John Denver alikufa Oktoba 1997 huko California akirusha Long-EZ, ndege ya ramani za huyohuyo Rutan. Aliyeijenga aliitoa koki ya kubadilishia tangi mahali ilipochorwa, akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Denver aliinunua tu. Wachunguzi walieleza kwamba akihangaika kuifikia koki alikanyaga pedali ya usukani bila kukusudia, ndege ikamponyoka.

Wapenda ukali wanaweza kuishika ajali hiyo kama ushahidi wao. Mimi naona inakata huku na huku. Ndege ile ilikuwa na cheti, kwa hiyo ukaguzi ulikuwepo. Na saa 5 za majaribio zisingeifichua hatari, maana fundi huizoea koki aliyoiweka mwenyewe. Anayeumia ni mnunuzi. Kwa hiyo ningetenganisha kwa aina ya badiliko. Linalogusa mafuta, mbawa au viungo vya kuongozea ndege lisubiri kibali. Redio na viti, taarifa inatosha. Rangi nayo isidharauliwe: tabaka zito kwenye usukani huharibu mizani yake, na kwenye mwendo mkali unaweza kuanza kutetemeka hadi ukavunjika.

Kinachonisumbua zaidi ni wapi pa kufanyia majaribio. Marekani wana majangwa. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na kutwa anga yake inapitwa na ndege ndogo za Caravan za Pemba na Dar es Salaam pamoja na ndege kubwa za watalii. Baharini hakuna nyumba, ila injini mpya ikizima huko hakuna pa kutua. Ningependa saa za mwanzo zirukwe bara, penye uwanja uliozungukwa na ardhi wazi, na ndege ivushwe kwa meli ikiwa imefunguliwa mbawa. Nauli ya mzigo huo ni juu ya mwenye ndege.